Ijue hopi kabla hujanunua miche yake

Na Mwandishi Wetu

CHUKUA chupa ya bia yoyote iliyo mezani katika baa ya mtaani kwako, usome lebo yake. Utakuta maji, kimea cha shayiri, pengine mtama, mahindi au sukari, kisha neno moja ambalo wanywaji wengi hulipita bila kuliuliza: hopi.

Shayiri tunaifahamu. Inalimwa Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi, na kwa majirani zetu Kenya inalimwa Narok, Nakuru na Timau. Mtama nao hauhitaji utambulisho. Hopi ndiyo mgeni. Viwanda vyetu huiagiza kutoka nje, ikiwa imesagwa na kushindiliwa kuwa tembe ndogo za kijani zinazofanana na chakula cha sungura, au ikiwa imekamuliwa na kuwa uji mzito ndani ya makopo.

Zao linalotoka nje, bei yake inatajwa kwa dola na euro, na kila kiwanda cha bia kinalihitaji. Mkulima akisikia hivyo, hesabu huanza kujipiga zenyewe kichwani. Miche yake inauzwa kwenye intaneti, kwa hiyo mwenye fedha kidogo na shamba la umwagiliaji anaweza kuamua leo na kuagiza kesho. Kabla hajafanya hivyo ni vizuri ajue kwamba hakuna hopi moja. Zipo aina nyingi, na tofauti iliyopo kati ya aina na aina ndiyo inayoamua nani analipwa na nani anabaki na nguzo tupu shambani.

Ua la kike ndilo lenye mali

Hopi ni mmea unaopanda juu kwa kujizungusha kwenye kamba. Ni wa ukoo mmoja na bangi, lakini asitokee mtu wa kuchangamka: ulevi wa bangi haumo. Kama ilivyo kwa mipapai, mimea dume iko mbali na mimea jike, na anayetakiwa shambani ni jike. Nchi nyingi hung'oa madume kabisa, kwa sababu ua likichavushwa hujaa mbegu, na mtengenezaji wa bia hazitaki mbegu hizo.

Mizizi hukaa ardhini miaka 15 hadi 20. Kila mwaka mashina huchipua upya na kupanda hadi kwenye waya uliofungwa juu ya nguzo. Katika bonde la Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, waya huo uko mita tano na nusu hivi kutoka ardhini, na katika eneo la Hallertau, Ujerumani, uko kama mita saba. Wakati wa mavuno shina zima hukatwa, likapelekwa kwenye mashine ya kuchumia, na maua hukaushwa mara moja kwa kuwa yana maji mengi na huharibika upesi kama majani mabichi ya chai. Shamba jipya huanza kutoa mavuno kamili kuanzia mwaka wa tatu. Nguzo, waya, kamba, mashine na tanuri la kukaushia vyote vinalipiwa kabla ya hapo.

Kinachotafutwa ni unga wa njano ulio ndani ya ua. Unga huo una vitu viwili vyenye soko. Cha kwanza ni asidi ya alfa, ambayo ikichemshwa hugeuka na kuipa bia uchungu. Uchungu huo una kazi mbili: hukata utamu wa kimea, na huzuia baadhi ya bakteria wanaoifanya bia ichache. Cha pili ni mafuta yenye harufu, na hapo ndipo hopi moja hunukia maua, nyingine ndimu, nyingine embe, nyingine majani ya porini.

Wachaga wa Kilimanjaro wana jibu lao la zamani kwa kazi ile ya kwanza. Mbege ya ndizi na ulezi hutiwa gome la msesewa, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, ili utamu wa ndizi usizidi. Waethiopia hutumia gesho katika tej na tella. Hopi ni msesewa wa Ulaya, kwa maneno mengine, isipokuwa kwamba Wazungu wameichagua, wakaizalisha na kuipima maabara kwa karibu miaka 100 sasa.

Saaz na Herkules: hesabu ya kilo

Tuweke aina mbili mezani. Ya kwanza ni Saaz, inayolimwa kuzunguka mji wa Žatec katika Jamhuri ya Czech. Ni aina ya kale, na ndiyo iliyoipa sifa bia nyepesi ya rangi ya dhahabu iliyoanza kutengenezwa Pilsen mwaka 1842, ambayo bia nyingi tunazokunywa Afrika Mashariki ni wajukuu zake. Asidi yake ya alfa ni asilimia tatu hivi ya uzito. Ya pili ni Herkules, aina iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Hüll, Ujerumani, katikati ya miaka ya 2000. Hiyo ina asidi kuanzia asilimia 12 hadi 17.

Sasa chukua lita 1,000 za bia ya kawaida isiyo kali sana, yenye miligramu 20 za uchungu katika kila lita. Kwa wastani, theluthi moja tu ya asidi unayotia kwenye sufuria ndiyo inayobaki ndani ya bia. Kwa hiyo unahitaji gramu 60 za asidi ya alfa. Ukitumia Saaz ya asilimia tatu, utatia kilo mbili. Ukitumia Herkules ya asilimia 15, gramu 400 zinatosha.

Upande wa shamba tofauti inazidi kupanuka. Saaz hutoa kama tani moja kwa hekta, wakati Herkules hutoa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa mizani ya uchungu peke yake, hekta moja ya Herkules inafanya kazi ya zaidi ya hekta kumi za Saaz. Haishangazi kwamba Herkules imekuwa aina inayolimwa eneo kubwa kuliko zote huko Hallertau.

Basi kwa nini wakulima wa Žatec hawajang'oa Saaz? Kwa sababu wao hawauzi uchungu, wanauza jina na harufu. Harufu ya Saaz ni ya upole, na mtengenezaji anayetaka bia yake ibaki vilevile mwaka hadi mwaka hawezi kuibadilisha bila wateja wake kugundua. Jina la hopi ya Žatec linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2023 mji huo na mashamba yake viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mkulima wa Herkules anauza asidi, na asidi ni asidi. Mnunuzi akipata ya bei nafuu kwingine anahama. Huu ndio mgawanyiko mkubwa wa biashara ya hopi: za uchungu hununuliwa kwa kipimo cha maabara, za harufu hununuliwa kwa jina.

Ukipenda hesabu, irudie ile ya hekta. Tani mbili za Herkules, kwa gramu 400 kila lita 1,000, zinatosha lita milioni tano za bia, yaani chupa milioni 10 za nusu lita. Kiwanda cha lita milioni 50 kwa mwaka kingetoshelezwa uchungu wake na hekta kumi tu. Dunia nzima, pamoja na bia yake yote, haina zaidi ya hekta 60,000 hivi za hopi, na Ujerumani na Marekani hutoa zaidi ya nusu ya mavuno yote. Linganisha na kimea: lita 1,000 za bia ya kimea kitupu hula kilo 150 au zaidi. Mkulima wa shayiri anauza magunia, wa hopi anauza viganja.

Jambo hilo mimi naliona ndilo la kwanza kuliangalia, kabla hata ya udongo na mvua. Kila mtengenezaji anaihitaji hopi, lakini anahitaji kidogo mno. Zao la namna hiyo halina nafasi ya kuingiza wakulima elfu kumi.

Magonjwa yalivyozaa aina mpya

Aina nyingi zinazotamba leo zimezaliwa na matatizo. Kituo cha Hüll kilianzishwa mwaka 1926 baada ya ugonjwa wa ukungu kuyapiga mashamba ya Ujerumani vibaya. Baadaye mnyauko unaotoka ardhini uliiangusha Hallertauer Mittelfrüh, iliyokuwa fahari ya Bavaria, na Uingereza ugonjwa huohuo uliifukuza Fuggle kutoka sehemu kubwa ya Kent. Zote mbili ni aina za harufu, zenye asidi ya asilimia tatu hadi tano na nusu, na zote mbili bado zinalimwa kwa kiasi kidogo kwa ajili ya wanaozitaka kwa majina yao.

Uchungu mkali wa kisasa ulianzia kwenye mmea wa porini. Profesa Ernest Salmon wa Chuo cha Wye, Kent, aliletewa kipande cha hopi ya mwitu kutoka Manitoba, Kanada, akakizalisha. Matokeo yake yalikuwa Brewer's Gold, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1934. Watengenezaji wa bia wa Uingereza hawakuipenda sana harufu yake mwanzoni. Hata hivyo, damu yake imo katika aina nyingi kali za leo.

Kwa mkulima wa nyanda za juu zetu, habari ya ukungu si ya kupita haraka. Ugonjwa huo hupenda unyevu na majani yaliyolowa muda mrefu. Mtu wa Lushoto au Kericho anajua masika yanavyofanya kwa viazi na nyanya.

Cascade na Citra: soko linavyopanda na kushuka

Hadithi ya Marekani ndiyo ya kumsikiliza mwenye haraka. Mwaka 1972 idara ya kilimo ya nchi hiyo ilitoa aina iitwayo Cascade, iliyochanganywa damu ya Fuggle na ya hopi ya Kirusi. Viwanda vikubwa viliitafuta kama mbadala wa hopi ya Kijerumani iliyoadimika kwa mnyauko, wakulima wakaipanda kwa wingi. Viwanda hivyo vilipobadili mawazo, eneo lake likapungua. Kilichoiokoa ni watengenezaji wadogo, waliokuja kuupenda ule unukio wake wa balungi ambao wakubwa waliuona umezidi.

Mwaka 2007 na 2008 hopi ziliadimika duniani. Bei kwa asiyekuwa na mkataba ilipanda mara kadhaa, na watu wakapanda hopi za uchungu bila kuangalia nyuma. Ndani ya miaka miwili maghala yalikuwa yamejaa na mashamba yanang'olewa.

Kisha ikaja zamu ya Citra, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 2000. Hii ina asidi ya zaidi ya asilimia 11 na harufu ya matunda kwa pamoja, jambo ambalo zamani halikuwa la kawaida. Bia zenye hopi nyingi ziliposhika mtindo, Citra iliipita Cascade kwa eneo. Lakini tofauti na Cascade, ambayo ni mali ya umma na kila mtu anaweza kuipanda, Citra ina mwenyewe. Kuilima kwa biashara bila leseni ya wenye haki ni kosa. Mtu akikuuzia miche ya Citra kwa siri, anakuuzia kesi. Na ulaji wa bia za mtindo huo ulipopungua, wakulima wa Marekani walipunguza eneo la hopi kwa karibu asilimia 18 kati ya 2023 na 2024. Zilizong'olewa ni pamoja na zile zilizokuwa zikigombaniwa miaka mitano kabla.

Wakulima wa mtama wa Kenya hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwaka 2013 serikali yao iliongeza ushuru wa bia ya mtama, mauzo yakaanguka, na waliokuwa wamelima kwa ajili ya mnunuzi mmoja wakabaki na mazao. Angalau mtama unasongwa ugali. Hopi hailiki.

Siku zetu ni fupi

Tumefika kwenye kikwazo ambacho matangazo ya miche hayakitaji. Hopi huhesabu saa za mchana. Siku zikiwa ndefu inarefuka, zikianza kufupika inatoa maua. Žatec mwezi Juni ina mchana wa kama saa 16, na Yakima zaidi ya saa 15 na nusu, kwa hiyo mmea hupata wiki nyingi za kupanda hadi juu kabla ya kuchanua.

Arusha tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa. Saa zetu za Kiswahili zenyewe zimejengwa juu ya jua la aina hiyo: linachomoza saa 12, linazama saa 12. Kwa hopi, mchana wa saa 12 ni ishara kwamba kiangazi kimekwisha. Mmea unachanua ungali mfupi, unatoa maua machache, na nguzo uliyoigharamia inabaki tupu kuanzia katikati kwenda juu.

Afrika Kusini ilikumbana na tatizo hilohilo, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Mashamba yake yako karibu na mji wa George, Rasi ya Magharibi, ambako siku ndefu kuliko zote ni zaidi kidogo ya saa 14. Aina zilizoletwa kutoka Ulaya hazikuridhika, na wakulima walilazimika kuwasha taa mashambani kuurefusha mchana. Suluhisho la kudumu lilipatikana kwa kuzalisha aina zao wenyewe: Southern Brewer kwanza, baadaye Southern Star kwa uchungu, na nyingine za harufu kama Southern Passion na African Queen. Kazi hiyo ilichukua miongo na iligharamiwa na kampuni kubwa ya bia yenye haja nayo. Mwaka 2017, AB InBev, iliyokuwa imeinunua kampuni hiyo mwaka uliotangulia, iliamua kwamba hopi hizo zitumike katika viwanda vyake, na wanunuzi wadogo wa Marekani waliokuwa wamezizoea wakakosa.

Je, mlango umefungwa kabisa kwa ikweta? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ulionyesha kwamba hopi inaweza kutoa maua bila kupitia baridi kali, kinyume na ilivyoaminiwa. Florida, watafiti wamepata mavuno mawili kwa mwaka kwa kuwasha taa za LED usiku, na Brazili nao wapo wakulima wanaolima hivyo. Kwa upande mwingine, Ulaya yenyewe inatishiwa na joto: utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba hadi 2050 asidi ya alfa katika hopi za huko itapungua kwa asilimia 20 hadi 31.

Kwa hiyo inawezekana, ila unanunua mchana kwa bili ya umeme, kila usiku, kwa wiki nyingi, katika zao ambalo hekta kumi zinamtosha mnunuzi. Mwenye mkataba wa maandishi na kiwanda na umeme wa jua wa kutosha ajaribu robo ekari. Asiye na mkataba, ushauri wangu ni aache fedha yake kwenye shayiri, mtama au nyanya.

Kwa mfanyabiashara

Wanaoweza kunufaika mapema ni wauzaji wa malighafi wanaohudumia watengenezaji wadogo wenye leseni. Hapa pia aina ndiyo kila kitu. Hopi huchakaa. Cascade ya maua makavu ikiachwa katika nyuzi joto 20 kwa miezi sita hupoteza karibu nusu ya asidi yake, wakati Magnum, aina ya uchungu kutoka Hüll, hupoteza chini ya robo. Stoo ya Dar es Salaam ina joto kuliko hilo. Nunua tembe zilizofungwa bila hewa, weka kwenye jokofu, na usome mwaka wa mavuno na asilimia ya alfa iliyoandikwa kwenye pakiti. Pakiti isiyo na mambo hayo mawili usiinunue hata kwa nusu bei, kwa maana mteja wako hataweza kupiga hesabu ya uchungu.

Na kwa yule ambaye bado anataka miche: mwulize muuzaji jina kamili la aina, kama ni jike, kama ina mwenye haki, na ililimwa wapi kabla. Usikubali mzigo uingie kwenye begi la msafiri, kwani ukungu na virusi vya hopi husafiri ndani ya vipande vya mizizi. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa na TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, na huombwa kabla mzigo haujaondoka huko utokako.